Mstari wa Kumi na Saba

Mkuku wa skuna uligusa tope.

Wiki iliyopita tulimwacha Obed Swann amening'inia ubavuni mwa skuna Almira, kamba ya bildi, ile risasi ya kupimia kina, mkononi, akipiga kelele kwamba maji yanakwisha, na Kapteni Wickes akimwamuru afunge mdomo. Basi, Obed alifunga mdomo. Mto Potomac ndio uliojibu.

Ulijibu kwa mkwaruzo mrefu, kama kisu kinachoparua magamba ya samaki. Milingoti ilitikisika. Birika la kahawa liliruka kutoka jikoni likabingirika sitahani. Kisha Almira ikajilaza ubavu, taratibu, kama ng'ombe aliyekwisha kuamua kuwa leo halimi.

"Nani amesimamisha merikebu?" Kapteni alifoka.

"Virginia, Afande," serahangi Rudge, msimamizi wa mabaharia, alimjibu.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Mashua ya magendo waliyokuwa wakiifukuza tangu alfajiri ilipita juu ya fungu lile lenye maji haba bila wasiwasi. Mtu mmoja ndani yake akasimama, akawavulia kofia.

Mizinga miwili ambayo jeshi la maji liliitwisha skuna ile nyembamba sasa ilikuwa mapambo. Mmoja ulilenga mawingu. Mwingine ulilenga kaa.

Obed hakuitazama mizinga wala mashua. Alitazama ua wa mbao upande wa Virginia, hatua mia sita kutoka alipokuwa. Juu ya ua ule ulikuwa umetandazwa mfarishi wa viraka vyekundu.

Zilpa, mkewe, alikuwa amefika.

Alijificha kwenye matete chini ya ua, kama walivyopatana kupitia kwa mvuvi wa chaza. Ilikuwa leo au basi. Kesho magari ya ng'ombe yangewachukua watumwa wote wa shamba lile na kuwapeleka bara, mbali na mto, mbali na merikebu za Kaskazini, mahali ambapo hata barua haifiki. Obed alikuwa mtu mweusi huru wa Maryland. Zilpa hakuwa huru. Miaka minne ya ndoa walikuwa wameiishi kwa kuvuka mto.

"Mjomba!" Kapteni aliita. "Njoo hapa!"

Obed alipanda sitahani, maji yakimchuruzika. Alikuwa na miaka thelathini na minane, na Kapteni hakupungua hamsini. *Mjomba wa nani?* alijiuliza. *Mamake simjui.*

Kapteni alikuwa ametandaza ramani juu ya pipa. Kando yake alisimama Bwana Aldous Fenn, mchoraji ramani, mzee mwenye miwani minene na vidole vya wino. Yeye na Obed ndio pekee waliobaki tangu siku za amani, Almira ilipokuwa nyeupe pe na kazi yake ni kupima kina cha mto. Vita vya Kaskazini na Kusini vilipoanza, jeshi la maji liliichukua, likaipaka rangi nyeusi, likawapa kapteni aliyetoka kwenye merikebu kubwa za baharini.

"Soma hapa," Kapteni alisema, akigonga karatasi kwa ukucha. "Tano! Pima tano ni futi thelathini. Merikebu yangu inahitaji futi sita na nusu. Sasa niambie, mjomba, futi nyingine umezipeleka wapi?"

"Si pima, Afande. Ni futi. Futi tano."

"Pana vitone hapo, Kapteni," Bwana Fenn alidakia.

"Vitone gani?"

"Hivi vidogo. Nilivichora kimoja kimoja, siku tisa. Ndani ya vitone tunahesabu kwa futi. Nje ya vitone, kwa pima."

Kapteni aliinama hadi pua ikakaribia kugusa karatasi. Alikaa hivyo kitambo.

"Nilidhani ni uchafu wa inzi," alisema.

Serahangi Rudge alikohoa, akageukia mtoni, mabega yakimtikisika.

Mtu mwingine angeomba radhi. Kapteni Wickes alikuwa amezunguka Rasi ya Pembe, ncha ya kusini ya Amerika, mara mbili, na alilisema hilo kila siku kabla ya staftahi. Watu wa namna hiyo hawaombi radhi kwa vitone.

"Na namba zenyewe nani ajuaye kama ni za kweli? Alizipima nani?"

"Mimi," Obed alisema. Kidevu kilimpanda chenyewe. "Kila namba ya fungu hili imetoka majini kwa mkono huu, Afande. Kila moja."

Mara alipolisema hilo, kitu kikamshtua, kama mtu aliye safarini anayekumbuka kwamba hakufunga mlango wa nyumbani. Alikisukuma kando. Hakuwa na nafasi ya kukisikiliza.

"Afande, naomba mashua. Nusu saa tu. Mke wangu yuko kwenye matete yale."

"Mashua itabeba nanga, tujivute nayo."

"Maji yanakupwa, Afande, mpaka saa nane mchana. Hata ukibeba nanga kumi, merikebu hii haisogei sasa. Nusu saa."

"Merikebu kwanza."

"Merikebu haiendi popote!"

Kapteni aliikunja ramani polepole.

"Mkeo, kwa sheria ya upande ule, ni mali ya mtu. Mimi sina amri ya maandishi ya kuokota mali za watu ufukweni. Ukiniletea maandishi, tutazungumza."

Obed alianza kuhesabu hadi kumi ili asimpige. Alifika saba. Rudge akamshika mkono, akamvuta kando.

"Swann, ndugu yangu, usimpe sababu ya kukutia pingu. Mwenye pingu hapigi bildi. Panda mashuani. Mashua ni mashua, iwe imebeba nanga au imebeba bibi harusi."

Wakapanda. Wapiga makasia wanne, Rudge kwenye usukani, Obed mbele na bildi yake.

"Nyuma moja kwa moja!" Kapteni alipaza sauti. "Itupeni tulikotokea!"

"Huko chini ni maganda ya chaza, Afande!" Obed alijibu. "Nanga haishiki!"

"Nyuma moja kwa moja!"

Wakaitupa nyuma moja kwa moja. Watu kumi wakazungusha duara, lile gurudumu la kuvutia kamba ya nanga, sitahani, mishipa ya shingo imewatoka. Kamba ikakaza, ikalia, halafu ikalegea kwa mkupuo, na nanga ikaja yenyewe, inateleza, imekumbatia kapu zima la chaza.

"Angalau tutakula," Rudge alisema.

"Tena!" Kapteni aliamuru.

"Afande, ni maganda matupu. Tutafute tope..."

"Tena! Mahali pale pale!"

Mara ya pili ilileta chaza wachache kuliko ya kwanza. Saa nzima ilikuwa imepotea, na Almira ilikuwa imelala zaidi, kiasi kwamba mpishi alitembea sitahani mkono mmoja chini kama nyani. Obed aliutazama mfarishi. Upepo uliukunja pembe moja. Angefurahi kama angeweza kupiga kelele, *Zilpa, ni mimi!* Lakini ufuko ule una masikio, na Zilpa hakuijua tena skuna. Aliizoea nyeupe. Hii iliyolala mbele yake ilikuwa nyeusi kama jeneza la tajiri.

Angemwambiaje kwamba ni yeye?

Siku za amani lisingekuwa jambo la kuuliza. Mpiga bildi huimba. Anarusha risasi ile nzito, anasoma alama za kamba, anaitoa namba kwa sauti ndefu ili anayeshika usukani asikie hata penye upepo. Kila mpiga bildi ana wimbo wake, na wa Obed ulifahamika kutoka Washington mpaka mdomo wa mto. Lakini siku ya kwanza tu Kapteni aliupiga marufuku. "Merikebu ya vita haiimbi," alisema. Tangu hapo Obed alitoa namba kwa vidole, kama mnunuzi bubu sokoni.

"Haya!" sauti ya Kapteni ilifika juu ya maji, imepwaya kidogo. "Litafuteni hilo tope lenu!"

Hatimaye!

Obed alipaka shahamu kwenye kitako cha bildi na kurusha. Ikarudi na maganda. Akarusha tena. Mchanga. Wakasogea mashariki, kando ya ukingo wa fungu, pale ufuko unapojitokeza kama kiwiko kuelekea mtoni. Akarusha mara ya nne. Shahamu ilirudi imebeba tope la buluu, zito, linalonata kama ugali wa jana.

"Hapa," alisema. "Hapa nanga itashika mpaka Kiyama."

Rudge alitazama tope, akatazama matete, yaliyokuwa sasa hatua mia mbili tu.

"Tope limekuwa zuri sana leo," alisema. "Na limekaa mahali pazuri sana."

"Kweli ni zuri, serahangi. Naapa. Ni bahati tu."

"Sijasema kitu."

Nanga ikazama. Ikashika. Obed alikuwa ndiyo kwanza afungue mdomo kuomba hatua hizo mia mbili, aliposikia mbwa.

Wapanda farasi watatu walikuwa wametokea juu ya kilima, nyuma ya ua. Mmoja alikuwa ameinama juu ya tandiko, anautazama mfarishi. Aliugusa kwa ncha ya bunduki. Kisha akauangusha chini.

Na wakati huo huo, kwenye mlingoti wa Almira, ilipanda bendera ya bluu na nyeupe.

"Tunaitwa," Rudge alisema.

"Nipe dakika kumi."

"Sina dakika kumi. Nina watoto wanne."

"Serahangi..."

"Swann, nikikaribia matete yale bunduki tatu zitatupiga kama bata. Na yule pale," alionyesha skuna kwa kidevu, "hawezi kutusaidia kwa mizinga inayopiga mwezi. Makasia!"

Basi Obed alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka kumi na mitatu ya kazi. Alishuka mashuani.

Sasa, msomaji, ujue kwamba Obed Swann hajui kuogelea. Alijivunia hilo. Ajuaye kina, alizoea kujigamba, haogelei, anatembea. Maji yalimfika kiunoni. Miguu ikazama topeni hadi vifundoni, ikasimama.

"Swann! Rudi! Huo ni utoro!"

"Andika kwamba nimeanguka."

"Kwa miguu miwili?"

"Andika hivyo hivyo, kaka. Nipe kamba yangu."

Rudge alimtupia bildi, huku akitukana matusi ya kwao Marblehead ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Kisha akamgeukia mpiga kasia wa kwanza.

"Kasia lako limekwama topeni."

"Halijakwama, serahangi."

"Nimesema limekwama. Na lako wewe. Na lako. Haya, tujitahidini kuyatoa, taratibu, msije mkayavunja."

Bendera ilipanda na kushuka kule mlingotini kwa hasira. Hakuna aliyeiona.

Obed alianza kutembea kuelekea matete. Tazama jambo lenyewe lilivyo: fungu lile lile lililoikamata merikebu lilikuwa barabara. Namba tatu kwenye ramani, ambayo ni kaburi la merikebu, ilikuwa na maana moja tu kwa mwanamke mwenye miguu. Futi tatu. Unatembea. Unaloa kiuno. Unafika.

Ilibidi tu Zilpa ajue.

Obed aliirusha bildi mbele yake, akaivuta, akajaza mapafu, akaivunja amri ya Kapteni Wickes vipande vipande.

"Fu-ti ta-a-tu-u! Futi ta-a-tu, na chini tope!"

Sauti ilikwenda juu ya maji kama kijiwe kinachoteleza. Wale wapanda farasi waliinua vichwa, wakasikiliza, wakapuuza. Watu wa merikebu wanapima maji. Ndiyo kazi yao.

Matete yalitikisika.

Akatoka. Zilpa, kitambaa cha kichwa kimemlegea, gauni amelikunja mkononi, viatu amevifunga shingoni. Alitazama merikebu nyeusi. Alitazama mashua. Halafu akamwona mtu mmoja amesimama katikati ya mto kama kigingi, akiimba.

Akaingia majini.

"Futi ta-a-tu!" Obed aliimba, na machozi yakimtoka. "Futi ta-a-tu!"

Maji magotini. Maji mapajani. Zilpa hakukimbia, maana tope halikimbiliki, lakini hakusimama pia. Mbwa mmoja alibweka juu kilimani. Mpanda farasi akageuka, akaona.

"Pale! Mtoni!"

Risasi ya kwanza ilipiga maji upande wa kushoto. Zilpa aliinama, akaendelea. Hatua themanini kati yao. Hatua sitini. Obed aliimba, naye Zilpa akatembea juu ya wimbo kama mtu apitaye darajani.

"Nakusikia!" Zilpa alipaza sauti, anahema. "Nakusikia, mume wangu! Usinyamaze!"

Hatua arobaini. Obed akainua macho kutafuta alama zake za zamani, ili ajue yuko wapi kwenye fungu. Mti wa mwerezi uliopigwa na radi, sawa na bomba la moshi la nyumba kubwa. Alizijua. Alizipanga mwenyewe na Bwana Fenn mwaka wa 1857, mistari ishirini ya vipimo, kutoka ukingo hadi matete.

Mwerezi, na bomba la moshi. Mstari wa kumi na saba.

Na ule mlango alioacha wazi ukafunguka wote.

Ilikuwa siku ya jua kali. Bwana Fenn amekaa nyuma ya mashua, daftari magotini, anaandika kila anachoimbiwa bila kuinua kichwa. Na ufukweni, kwenye ua ule ule, msichana anaanika mashuka. Obed alimwona. Akataka amwone. Aliimba kwa kishindo kuliko siku zote, "Futi ta-a-tu! Futi ta-a-tu!" mpaka msichana akaweka mikono kiunoni akampigia kelele, "Na wewe mwenyewe una futi ngapi?" Mashua nzima ikaangua kicheko. Ndivyo alivyompata mke.

Lakini bildi, msomaji, bildi ilikuwa mapajani pake. Mstari mzima. Hakuirusha hata mara moja.

Bwana Fenn aliandika tatu, tatu, tatu. Akachora vitone. Ramani ikachapwa. Kila namba ya fungu lile ilitoka majini kwa mkono wa Obed, isipokuwa zile zilizotoka kwa mapenzi, na hizo ndizo Zilpa alizokuwa akizikanyaga.

Obed aliukatiza wimbo.

Hatua ishirini. Mbwa wawili walikuwa wameshaingia majini, vichwa juu, wakiogelea moja kwa moja. Risasi ya pili ilipita kwa mluzi. Zilpa alikuwa anatabasamu. Maji yalikuwa kiunoni mwake, kama ulivyosema wimbo.

Obed aliizungusha bildi juu ya kichwa, akairusha kwa nguvu zake zote katikati yao, mbele kidogo ya miguu yake Zilpa.

Ilizama.

Alingoja kamba ilegee. Futi tatu ni muda wa kupepesa jicho. Kamba haikulegea. Ilianza kukimbia vidoleni, yenye maji, yenye haraka, na ile ngozi ya ncha mbili inayoonyesha pima mbili, futi kumi na mbili, ikampita mkononi kama mkia wa panya.

Zilpa alikuwa ameinua mguu. Kitu katika uso wa mumewe kikamfanya ausimamishe pale pale, ndani ya maji, bila kuushusha. Nyuma yake mbwa walikuwa hatua thelathini. Kwa miaka minne aliamini sauti ile bila kuuliza. Sasa, kwa mara ya kwanza, aliuliza.

"Ngapi hapo, Obed?"

Kamba bado ilikuwa inakimbia.